Mautipisi za tromboni za zamani: Mount Vernon 6½AL, 5G na Remington, nimezipiga, hizi hapa habari zake

Wadau wa tromboni, hii mada mmeniulizia sana, leo naimwaga yote. Naongelea mautipisi za zamani, yaani kile kipande unachowekea mdomo na kupuliza, hasa zile za fundi Vincent Bach zilizogongwa jina la mji wa Mount Vernon ambazo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba na ikitokea moja safi sokoni haikai, halafu pembeni yake nimeweka Remington ya zamani ya kampuni ya Conn na nyingine chache ambazo zimepita mkononi mwangu.

Kwa mwenye haraka, msimamo wangu ni huu. 5G (hizi namba ni za saizi) ya Mount Vernon yenye mkia mkubwa (mkia ni ule mrija unaochomekwa kwenye tromboni) kama ukingo wake, pale mdomo unapokaa, haujaguswa, chukua. 6½AL ya mkia mdogo ya kipindi hichohicho ni tamu sana na inapatikana kirahisi zaidi, mi ningemshauri mtu aanzie hapo. Remington nunua kama una tromboni ya Conn ya kuipokea, la sivyo achana nayo. Nyingine zote zinategemea hali ya kipande chenyewe, maana jina lililogongwa ubavuni halipigi muziki, kinachopiga ni ukingo, kikombe (shimo lililo chini ya ukingo) na koo (tundu jembamba chini ya kikombe), na hivyo vitatu vinaweza kuwa vimeharibiwa kitambo na jina bado likasomeka vizuri kabisa.

Sasa tuanze na huyu Bach maana bila kumjua huelewi kwa nini watu wanapagawa. Alizaliwa 1890 Baden, karibu na Vienna, jina lake la kwanza likiwa Vincenz Schrotenbach, akasomea uinjinia halafu tarumbeta ikamchukua jumla. 1914 akaingia Marekani, akapiga na Boston Symphony, yaani alikuwa mpigaji wa kweli kweli. Inasimuliwa kwamba akiwa kwenye ziara huko Pittsburgh alimpa fundi mautipisi yake airekebishe kidogo na fundi akaiharibu, basi jamaa akaanza kujichongea mwenyewe, na kufikia 1918 akawa na kikarakana chake New York na mashine ya kukereza ya kukanyaga kwa mguu. Uinjinia ukakutana na mdomo wa mpiga tarumbeta. Kabla yake mautipisi nyingi zilikuwa zinatoka tofauti tofauti, ukiipoteza yako ndo basi, huipati nyingine kama ile. Yeye akaja na wazo kwamba kila saizi iwe na chombo chake cha kukatia na namba yake, ili ukiagiza namba ileile upate kitu kilekile. Tarumbeta zake zikafuata miaka ya 20, tromboni zikaja mwishoni mwa miaka hiyo.

Karakana ilihamia Bronx, halafu 1953 ikahamia Mount Vernon, mji uliopakana na Bronx upande wa kaskazini. 1961 mzee akauza kampuni kwa Selmer, kampuni nyingine ya ala, akiwa na miaka 71, na katikati ya miaka ya 60 uzalishaji ukahamishiwa Elkhart, Indiana. Yeye akafariki 1976. Kwa hiyo piga hesabu, jina la Mount Vernon linagusa kama miaka 12 tu hivi ya uzalishaji. Hicho ndo kidirisha chenyewe ambacho dunia nzima ya wapiga shaba inakigombania.

Ukishika moja utaona jina la Vincent Bach limegongwa kuzunguka kikombe kwa nje, pamoja na mji, na namba ya saizi. Zile zilizoandikwa New York ni za kabla ya hapo. Zipo pia zenye neno Corp bila jina la mji, watu wengi huzihesabu kama za mpito, mwisho wa Mount Vernon na mwanzo wa Elkhart, na mi naziona ni dili zuri kwa sababu kwa kazi zinakaribia sana za Mount Vernon ila hazina ule mji ubavuni unaopandisha bei. Kama shida yako ni kupiga na sio kabati la kuonyesha wageni, hizo Corp ziangalie kwanza.

Namba za Bach zinaenda kinyume, wanaoanza huchanganyikiwa sana hapa, namba ikiwa ndogo mautipisi ni kubwa. 1½G ni ya tromboni ya besi, kipenyo kama mm 27 kwenye katalogi, 4G mm 26, 5G mm 25.5, 6½AL mm 25.4, halafu unashuka kwenye 7C, 11C, 12C ambazo ni ndogo. Herufi inakupa kina cha kikombe, A ni kina zaidi, C ni kifupi, G ndo hivyo vikubwa vyenye kina vya tromboni nene, yaani zenye bomba pana. Ila usiabudu hizo milimita, maana kipenyo cha ukingo kinategemea umepimia wapi, ukingo umejipinda, ukishusha kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) kidogo ndani unapata namba nyingine, ndo maana katalogi mbili zinaweza kukupa vipimo viwili kwa kitu kimoja.

Kwa nini ni adimu sasa. Watu wanafikiri ni adimu kwa sababu ni kuukuu, hapana. Kuna mautipisi za miaka ya mwanzo ya 1900, za kampuni za zamani za Marekani na Ulaya, zimejaa kwenye makasha ya tromboni mbovu, nyingi hazina hata namba na hakuna anayezigombania, kwa sababu ni ndogo na nyembamba na hazifiti kwenye tromboni tunazopiga leo. Uadimu unatokana na vitu viwili kukutana, idadi ndogo iliyotengenezwa na watu wengi wanaotaka kuipiga leo hii. Cheki 5G ya mkia mkubwa. Enzi zile tromboni nyingi zilikuwa nyembamba, za bendi za dansi na za matembezi, bomba lake mm 12.7 hadi 12.9 hivi, zinapokea mkia mdogo. Tromboni nene za mm 13.9, aina ya Bach 42 na Conn 88H, zilikuwa za watu wa okestra na bado zilikuwa hazijaenea kama leo, Conn 88H yenyewe imetoka miaka ya 50. Kwa hiyo karakana ilikuwa inakereza 7C na 12C za mkia mdogo kwa wingi, za mkia mkubwa kidogo tu. Leo mambo yamegeuka, kila mwanafunzi wa muziki wa okestra anapiga tromboni nene, wote wanahitaji mkia mkubwa, na zilizopo ni zile zile chache za wakati ule. Ndo maana 12C ya Mount Vernon utaipata bila jasho na 5G ya mkia mkubwa utaisubiri, na 1½G ndo balaa kabisa maana wapiga besi wakiipata hawaiachii mpaka wastaafu.

Halafu toa na zilizokufa. Mautipisi ni kitu kidogo, kinaanguka kwenye sakafu ya saruji mkia unabonyea, kinasahaulika kwenye basi, kinakwama kwenye tromboni mtu anakivuta na plaizi. Na mbaya zaidi ya zote, wapigaji wenyewe wamezichokonoa, huyu kapanua koo kwa drili, yule kakata ukingo aweke skrubu abadilishe kingo, mwingine kaipeleka kung'arishwa ikarudi inametameta kama mpya na ukingo umeisha. Kila moja iliyochokonolewa inatoka kwenye hesabu ya zile za kweli hata kama bado ipo duniani.

Haya, 6½AL. Hii ninayo, mkia mdogo, Mount Vernon, fedha yake (ule mchovyo wa madini ya fedha juu ya shaba) imefifia kwenye ubavu lakini kwenye ukingo bado ipo yote. Kitu cha kwanza unachokisikia ukiishika ni wepesi. Mautipisi nyingi za kisasa zina mwili mnene, hii imekonda pale kikombe kinapokutana na mkia, na huo wepesi unaingia kwenye sauti, noti inaitika mapema, ukipiga taratibu haikung'ang'anii wala haisubiri umalize kupuliza ndo itoe sauti. Pitisha ukucha kwenye ukingo kutoka nje kuja ndani, utateleza vizuri mpaka unafika kwenye ukingo wa ndani, hapo ukucha unakwama kidogo, kuna kona. Sio kali ya kukata mdomo, ila ipo. Hiyo kona ndo roho ya hizi mautipisi. Ndo inayofanya noti ianze safi, ulimi ukigusa tu sauti imeshasimama, na ukiruka kutoka B-flati ya chini kwenda F na kurudi hakuna ule utelezi wa katikati. Nimeilinganisha na 6½AL mpya, namba ileile, na hiyo mpya ina kona ya mviringo zaidi, ni laini mdomoni na ukipiga masaa mengi haikuchoshi haraka, lakini mwanzo wa noti una ukungu kidogo. Mpigaji mwenzangu alikuwa anasikiliza bila kuangalia, nikabadilisha badilisha, na ile ya zamani aliijua kila mara kwa mwanzo wa noti, sio kwa rangi ya sauti, kwa mwanzo wa noti tu.

Rangi ya sauti nayo nzuri, inang'aa ukipandisha nguvu, ukipiga kwa sauti kubwa sana inaanza kuwaka, wengine wanapenda, kwenye bendi ya jazi ni raha tupu, kwenye okestra ya watu waliokaa kimya inabidi ujizuie. Juu kabisa inashika vizuri. Chini kwenye zile B-flati za pedali, noti za chini kabisa, inatoka lakini nyembamba, hiyo ni saizi yenyewe sio kosa la uzee. Nimeifanya ndo mautipisi yangu ya kila siku kwenye tromboni nyembamba na sioni cha kuiondoa.

5G ya mkia mkubwa ni hadithi nyingine. Kwenye karatasi inatofautiana na 6½AL kwa sehemu ya kumi ya milimita, unaweza kudhani ni kitu kimoja, ukiweka mdomoni ni dunia mbili, kwa sababu kikombe kina kina zaidi, umbo lake ni jingine na koo ni kubwa zaidi, linakaribia mm 7. Niliyoipiga ni ya mwenzangu, ameniachia nikae nayo vya kutosha kuizoea, na naisema bila kumung'unya, ni 5G bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Sauti ina kiini. Za kisasa nyingi zinakupa sauti pana ambayo ukiwa karibu inasikika kubwa lakini ukienda nyuma ya ukumbi imesambaa, hii ina upana huohuo na katikati yake kuna kitu kimesimama. Noti za kati, ile F juu ya mistari ya besi na D iliyo chini yake, ambazo kwenye tromboni nyingi zinayumba, hapa zinakaa. Ukingo wake mwembamba kuliko wa 5G mpya, kwa hiyo mtu mwenye midomo minene au anayekandamiza sana atalalamika kuchoka, mi ilinichukua muda kuzoea lakini baada ya hapo mdomo ukawa na uhuru zaidi.

Ila jamani 5G mbili za Mount Vernon hazifanani. Hili lazima lisemwe wazi. Vyombo vya kukatia vilikuwa vinachakaa, vinanolewa, vinarudishwa kazini, na kila kikinolewa umbo linasogea kidogo, halafu umaliziaji wa ukingo ulikuwa wa mkono, mtu ameshika msasa. Kwa hiyo ukisoma mtu anasifia ya kwake usidhani utakayonunua itakuwa hivyo hivyo. Hata hao wanaochonga nakala za kisasa, na wapo wazuri, wanaiga kipande kimoja walichokipenda wao, na ndo maana nakala za mafundi wawili tofauti zote zinaitwa Mount Vernon na hazifanani. Ukipata nafasi ya kupiga kabla ya kulipa, piga. Na nakala nzuri ni bora mara mia kuliko orijino iliyochokonolewa, hilo mi sina ubishi nalo.

Remington. Hii imepewa jina la Emory Remington, aliyefundisha tromboni Eastman School of Music kule Rochester kuanzia 1922 hadi alipofariki 1971, wanafunzi wake walijaa okestra za Marekani, na Conn walikuwa wanaitoa pamoja na ile 88H. Kikombe chake kina sauti ya mviringo, laini, ya kuimba, ukipiga nyimbo za taratibu unasahau kama kuna chuma mdomoni. Kwa kuimba mi naiweka juu ya 5G. Kwa kukata noti fupi fupi kali inabaki nyuma. Shida yake kubwa ni mkia. Conn walikuwa na mteremko wao wa mkia, haupanuki haraka kama wa wengine, kwa hiyo ukiichomeka Remington ya zamani kwenye tromboni nyingine haishiki inavyotakiwa, inakamata sehemu moja tu na kwingine inacheza, na ukichomeka Bach kwenye 88H ya zamani ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Ishike kwenye tromboni kwa vidole viwili uisukume kulia na kushoto, ikicheza hata kidogo hewa inavuja na sauti inayumba, na hakuna mazoezi yatakayokuokoa. Na 88H nazo sio zote zina hilo bomba la zamani la kupokelea, wengi wameshalibadilisha, kwa hiyo chunguza tromboni yako kwanza. Ukiona mtu anasema Remington ni mbovu, muulize ameichomeka wapi.

Nyingine nazipitia haraka. Schilke za Chicago, kazi ya Renold Schilke aliyekuwa mpiga tarumbeta wa Chicago Symphony, namba zake zinaenda sawasawa, kubwa ni kubwa, 51 na 51D ndo zinajulikana sana kwa tromboni ya tenori, ile ya kawaida, ni sahihi mno, hata za zamani zinafanana moja na nyingine, na kwa sababu hiyo uzee wake hauongezi sana, nunua mpya tu. Giardinelli za New York zilikuwa na kingo za kufungua kwa skrubu, wazo zuri sana, unabadilisha kikombe mdomo unabaki palepale, ila za zamani cheki nyuzi za skrubu maana zikishalika ndo basi. Denis Wick, aliyekuwa tromboni ya kwanza London Symphony Orchestra tangu 1957 hadi 1988, mautipisi zake za mwanzo ni nene kwa sauti na nzuri kwa bendi za shaba za Kiingereza, na bado hazijapandishwa bei na wakusanyaji, hapo kuna nafasi kwa mwenye jicho. Za Kifaransa za karne ya 19 zilikuwa na kikombe kama faneli, kinashuka moja kwa moja bila bega, sauti yake laini ya ajabu, kwa wanaopiga muziki wa enzi hizo ni lazima, kwa wengine ni ya kujua tu. Na za kale kabisa, za enzi za mafundi wa Nuremberg karne ya 16, zilikuwa na ukingo bapa na koo lenye kona kali, za asili zilizobaki ni chache mno na zipo makumbusho, wanaopiga muziki wa wakati huo wanatumia nakala.

Kuna moja naipenda kwa historia yake tu. Charles Gerard Conn, huyo mwenye kampuni ya Conn, miaka ya 1870 aliumia mdomo kwenye ugomvi, akawa hawezi kupiga kwenye chuma, basi akabuni mautipisi yenye ukingo wa mpira, akaipatia hataza, na kutoka kwenye hicho kitu kimoja ndo kikazaliwa kiwanda kikubwa cha ala pale Elkhart, mji huohuo ambao miaka tisini baadaye mashine za Bach zilihamishiwa. Yaani mji mzima wa ala za shaba chanzo chake mdomo uliopasuka. Zenye mpira wake mzima sasa hivi ni nadra sana, mpira unaoza, na hata ukiipata ni ya kabati.

Sasa tuje kwenye uchunguzi, hapa ndo hela inapotea. Muuzaji mmoja aliniuzia 5G ya kipindi hicho akiitangaza ni orijino asilia, picha safi, jina linasomeka, nikaipokea, kuipiga tu noti za juu zikawa hazina pa kushika, hewa inaisha kabla sentensi ya muziki haijaisha. Nikachukua biti za drili, ule upande laini usio na meno, unaingiza taratibu kwenye koo bila kuzungusha ili usikwaruze, unaanza na ndogo unapanda mpaka inayokataa. Ile iliyotakiwa kukataa ikapita inaelea, na iliyofuata ikapita pia. Koo limechimbwa. Ukimulika tochi kutoka nyuma unaona kabisa mwanya wa koo una ukuta ulionyooka na mstari mahali ambapo drili iliishia, koo la asili halina mstari, linateremka kama maji. Niliirudisha na hela ikarudi baada ya malumbano. Hizo biti zako ziweke karibu, ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote.

Mkia nao utazame kwa mbele, uelekeze tundu kwako. Unatakiwa kuwa duara kamili. Mkia ukibonyea upande mmoja hata kidogo, mautipisi inacheza na hewa inagonga ule uvimbe wa ndani. Fundi mzuri anaurudisha kwa chuma maalumu cha kuchomeka ndani, sio tatizo kubwa, ila ushushe bei. Kubwa ni mkia uliopunguzwa, mtu kausaga ili ufiti kwenye tromboni nyingine. Wa kawaida unaingia kama sm 2.5 hivi ndani ya bomba, ukiona umezama sana mpaka kikombe kinakaribia kugusa, umesagwa. Na ukiona alama za meno ya plaizi kwenye shingo, ujue iliwahi kukwama na mtu akaivuta kwa nguvu, mara nyingi na mkia umepinda. Kuna kifaa cha kutolea mautipisi iliyokwama, kila bendi iwe nacho, plaizi zikae mbali.

Fedha. Weusi sio ubovu, fedha inabadilika rangi ikikaa hewani, inasafishwa kwa kitambaa na sabuni ya maji vuguvugu na brashi ya ndani, basi. Ubovu ni pale fedha imeisha kwenye ukingo na shaba ya manjano inaonekana, hapo inagusa mdomo moja kwa moja, wengine wanawashwa na kuvimba, ladha yake mbaya, na shaba ya zamani mara nyingi ina risasi kidogo ndani yake kwa sababu inarahisisha kukereza, kwa hiyo mi siipigi ikiwa hivyo. Kuichovya upya kwenye fedha inawezekana, tatizo sio kuchovya, tatizo ni kabla ya kuchovya, fundi anaing'arisha kwenye gurudumu la kitambaa mpaka iwe kioo, na hilo gurudumu linakula ile kona ya ndani niliyoisema. Ndo unakuta Mount Vernon inayong'aa kama jana, haina mkwaruzo hata mmoja, na haina kona, inapiga kama yoyote ile. Mi mautipisi kuukuu inayong'aa kupita kiasi inanitia wasiwasi kuliko yenye mikwaruzo. Ukitaka kuichovya mwambie fundi kwa maandishi asiguse ukingo na gurudumu, aondoe uchafu kwa dawa tu, akikataa tafuta mwingine.

Kwa anayenunua bila kuishika, omba picha hizi na usilipe bila kuzipata: ukingo umepigwa kwa ubavu mwanga ukitokea upande mmoja ili kona ionekane au isionekane, tundu la mkia kwa mbele, koo likiwa limemulikwa kutoka nyuma, na maandishi. Herufi zilizofifia upande mmoja na kukolea upande mwingine ni dalili ya gurudumu. Muulize pia imechomekwa kwenye tromboni gani na inaingia kiasi gani. Mwenye mali safi anajibu haraka na kwa raha, na mara nyingi atakupa na historia ya aliyekuwa anaipiga kabla yake.

Alama zangu kwa nilizozipiga, kati ya 10. 5G Mount Vernon mkia mkubwa 9.5, nusu nimeikata kwa ajili ya ukingo mwembamba. 6½AL mkia mdogo 9, na kwa thamani ya hela ndo ya kwanza. Remington kwenye Conn yake 8.5, nje ya hapo 4. Zile za Corp 8.5 na ndo ningeenda kuwinda leo kama sina kitu. 7C na 12C za Mount Vernon nazipa 7, zimechongwa kwa ufundi uleule ila kwa tromboni nyingi za leo ni ndogo, kama unapiga muziki wa bendi za dansi za zamani zipandishe mpaka 8.